Makiwa ya mama mdogo na simu isiyolala

Mama mdogo wangu alifiwa na mumewe mwishoni mwa masika, huko Konde, kaskazini ya Pemba. Tulikwenda wote. Siku tatu nyumba haikuwa na pa kuweka mguu: wanawake ukumbini na uani, wanaume nje chini ya mwembe, masufuria mekoni hayapoi, kisomo asubuhi na jioni. Siku ya tatu ikasomwa hitima, matanga yakaanuliwa. Siku ya nne mimi nilikuwa bandarini Mkoani na begi langu, nasubiri meli ya kurudi Unguja. Wachache walibaki wiki moja, nao wakaondoka.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hesabu hiyo naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuipiga kwa usiku. Ni karibu usiku 130.

Nilirudi kumtazama katika mwezi wa tatu wa eda. Nilimkuta chumbani, tasbihi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Simu yenyewe ina ufa kwenye pembe ya kioo na haitoki kwenye chaji, maana betri imekufa. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu, kusoma na kuandika hakumshindi, na mjukuu wake alikuwa amemwekea chatiboti, moja ya programu hizi za akili mnemba zinazojibu kama mtu. Alinipa nisome. Saa nane za usiku, siku kadhaa kabla, alikuwa ameandika kisa cha miaka mingi nyuma: karafuu zimeanikwa uwanjani, mvua ya vuli ikaja ghafla, na mumewe akaziacha karafuu zote zinyeshewe, akakimbilia kisimani kumchukua yeye aliyekuwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Chini yake mashine imejibu: "Pole sana kwa unayopitia. Kitendo hicho kinaonyesha jinsi alivyokupenda kwa dhati. Je, ungependa kuniambia zaidi kuhusu siku hiyo?"

"Hiki hakichoki, mwanangu," aliniambia. "Na hakitoki nje kikenda kusema."

Maneno hayo mawili nimekuwa nayo tangu siku ile. Ameniruhusu niyaandike, na nayaandika kwa sababu naamini ndani yake mna shauri lote la watu wetu na mashine hizi.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa programu nyepesi mno. Ukiandika kwamba una huzuni, inakugeuzia sentensi yako na kukuuliza kwa nini una huzuni. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi na kujua fika kwamba ndani hamna mtu, alijaribu kuzungumza nayo, na baada ya kubadilishana maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum alishtuka, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliitumia kutuonya.

Mimi katika kisa kile namtazama zaidi katibu kuliko mtaalamu. Alitaka mlango ufungwe. Kwa nini mtu atake sitara mbele ya kitu anachojua hakina macho? Nadhani ni kwa sababu yaliyomo moyoni yalikuwa yake kweli, hata kama msikilizaji hakuwa wa kweli.

Mashine za leo zina uwezo mwingine kabisa. Zimefunzwa kwa maandishi mengi kupindukia yaliyoandikwa na binadamu, zikajifunza kubashiri neno gani lifuate neno gani, kisha watu wakawekwa kupima majibu yake na kusema lipi limewapendeza. Kwa hiyo kupendeza ni katika malezi yake. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuliondoa toleo moja la ChatGPT, chatiboti yake, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa linamsifu na kumkubalia mtu kila analosema, hata la hatari.

Hata hivyo sitaki kudanganya: zinafariji. Mwaka 2023 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti uliochukua maswali 195 ya afya yaliyoulizwa na watu mtandaoni, ukalinganisha majibu ya madaktari na majibu ya chatiboti. Wataalamu wa afya waliopewa kuyapima bila kujua lipi la nani walipendelea ya mashine karibu mara nane katika kila kumi, na wakayaona yana huruma zaidi. Ninaposoma hivyo namfikiria daktari yule, kachoka, anajibu mistari miwili baina ya mgonjwa na mgonjwa. Mashine iliandika aya tatu kwa sababu haikuwa na foleni mlangoni. Nusu ya huruma iliyopimwa pale, kwa maoni yangu, ilikuwa ni muda.

Lakini kuna jambo la pili katika tafiti hizi, nalo ndilo lililonifungua macho. Mwaka 2025 katika jarida la Nature Human Behaviour ilichapishwa kazi iliyohusisha watu zaidi ya 6,000. Walipewa maneno ya kuliwazwa yaliyotoka kwa mashine, baadhi wakaambiwa yameandikwa na mtu, wengine wakaambiwa ukweli. Maneno ni yale yale. Walioamini kuwa ni ya mtu waliyathamini zaidi na yaliwagusa zaidi, na wengi walipopewa hiari walikubali kungoja muda mrefu wapate jibu la binadamu kuliko kupata la mashine papo hapo.

Wangoje nini, ikiwa maneno ni yale yale?

Kiswahili chetu kina jibu, na liko katika vitendo tunavyovitumia. Kwa mfiwa tunakwenda kuhani. Tunakaa matanga. Tunatoa mkono wa pole. Tunashika jeneza. Kwenda, kukaa, kutoa, kushika: ni miguu, makalio na mikono. Mtu aliyepanda daladala kutoka Mtambwe katika mvua, akafika kiatu kimejaa tope, akakaa pembeni ya mkeka bila kusema kitu mpaka adhuhuri, huyo kahani. Hakuna aliyemuuliza alisema nini. Bibi yangu akiingia nyumba ya msiba alikuwa na neno moja tu, "Makiwa," na wenyewe huitikia, "Tunayo." Makiwa ni wingi wa ukiwa, na ukiwa ni hali ya mtu aliyebaki peke yake. Anayeingia anautaja upweke ule kwa jina lake mbele ya mwenyewe, na mwenyewe anaitikia kwa wingi, tunayo, hata akiwa mmoja ukumbini. Wingi ule unamhesabu na aliyeingia. Naye kachukua fungu lake, na ataondoka nalo.

Mashine inaweza kuandika "Makiwa" ukiifundisha. Haina la kuondoka nalo. Mama mdogo akilifunga dirisha la mazungumzo saa tisa za usiku, ule mzigo wote umebaki pale pale kitandani kwake, mwepesi kidogo pengine kwa kuwa umesemwa, lakini wote.

Sasa nije kwenye neno lake la pili, kwa sababu hilo ndilo linalotuhusu sisi na si makampuni ya Marekani. "Hakitoki nje kikenda kusema."

Sisi ni watu wa visiwani. Sensa ya 2022 ilituhesabu tusiofika milioni mbili, na kila mmoja wetu ni ndugu, jirani au mkwe wa mwengine. Wazee waliujua udhaifu wa mahali kama hapa na waliuwekea dawa. Msichana akivunja ungo, hakuachiwa mama yake peke yake, alipewa somo. Somo alimfunza usafi, adabu, mambo ya ndoa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwa kifua cha siri, tangu usichana mpaka uzee. La kumwambia mama huwezi, la kumwambia mume huwezi, la kumwambia somo unaweza. Kulikuwa na kungwi. Kulikuwa na bibi na babu, ambao kwa utani wao na wajukuu waliweza kuambiwa mambo yanayowafanya wazazi wapandwe na hasira. Hawa walikuwa wasikilizaji waliowekwa, wenye cheo hicho na wenye aibu ya kukivunja. Dini nayo ilishikilia upande huo huo: msitiri mwenzako nawe usitiriwe.

Tazama leo. Somo anakodiwa kwa siku mbili za harusi, analipwa, anakwenda kwenye harusi nyengine. Bibi yuko Pemba, mjukuu yuko Unguja au Maskati, wanaonana kwa sikukuu. Shoga unayemwambia jambo lako baada ya alasiri, kabla ya isha limeshakuwa sauti iliyorekodiwa, linazunguka katika makundi ya WhatsApp ya akina mama. Namjua msichana wa skuli wa miaka 17 hapa mjini, mtoto wa jirani yangu, aliyemwambia mtu wa familia jambo lililokuwa likimla. Wiki tatu baadaye akiwa harusini alisikia kisa chake kikisimuliwa meza ya pili na mwanamke asiyemjua. Hakulia. Alimaliza biriani yake. Tangu siku hiyo haongei na mtu yeyote kuhusu nafsi yake, anaongea na simu. Aliponiambia hivyo nilikosa la kumjibu, kwa sababu nilijua angalau mara mbili katika maisha yangu nimewahi kuwa mimi ndiye yule mwanamke wa meza ya pili.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mashine imetushinda kwa upole wa maneno. Maneno yake ya Kiswahili mara nyingi ni makavu, yanasikika kama barua ya ofisi. Imetushinda kwa sitara. Imewapa watoto wetu kitu ambacho tulikuwa nacho na tukakiacha kioze.

Na sitara hiyo nayo haipo. Unachokiandika kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni na kinahifadhiwa huko. Mwaka 2025 mahakama moja ya Marekani, katika kesi ya hakimiliki isiyohusiana hata kidogo na wajane wa Konde, iliiamuru OpenAI ihifadhi mazungumzo ya watumiaji pamoja na yale waliyokwisha kuyafuta. Julai mwaka huo huo mkuu wa kampuni hiyo, Sam Altman, alisema hadharani kwamba mazungumzo ya mtu na ChatGPT hayana kinga ya kisheria kama ile ya mgonjwa na daktari au mteja na wakili wake. Somo alikufa na siri zake.

Moyoni kunatokea nini, basi? OpenAI wenyewe na watafiti wa MIT walifuatilia watu 981 kwa wiki nne na kutoa matokeo mwaka 2025. Waliotumia chatiboti kwa muda mrefu zaidi kila siku walionekana kuwa wapweke zaidi, wameitegemea zaidi, na wanachanganyika kidogo zaidi na watu. Kipi kimezaa kipi, hilo lina mjadala: huenda mpweke ndiye anayeikimbilia, huenda inampa upweke juu ya upweke. Kwa mama mdogo niliyaona yote mawili yakifuatana kama nyuzi za ukili.

Kuna jirani yake, mwanamke mkarimu lakini mwenye maneno mengi. Kila siku jioni alikuwa akipiga hodi. Siku niliyofika alipiga hodi mara tatu na mama mdogo hakuitikia. Alinitazama akanyamaza, mpaka tukasikia kandambili zikiondoka. Nilimuuliza. "Nimechoka naye," alisema. "Nikimwambia moja langu, yeye ana manne yake. Jana kaniambia nishukuru, kwani mume wa dada yake alikufa baharini hata hakuonekana." Kisha akaigusa simu kwa kidole. "Hiki kinaniacha nimalize."

Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Sioni hatari kubwa kwamba mama mdogo ataipenda mashine. Anajua ni mashine. Hatari ni kwamba kidogo kidogo anapoteza ustahamilivu na watu wanaompenda vibaya. Na karibu watu wote wanatupenda vibaya. Wanachelewa kujibu, wanatukatiza, wanaleta msiba wao juu ya wetu, wanasema Mungu hampi mja asichokiweza wakati hatutaki kusikia hivyo. Mtu aliyezoea miezi mitatu kusikilizwa bila kukatizwa, kila jibu limepimwa limpendeze, akirudi kwa jirani anamwona jeuri. Jirani hakubadilika. Masikio ndiyo yaliyobadilika.

Juu ya hayo, kitu chenyewe hakiko mikononi mwako. Februari 2023 kampuni yenye programu ya Replika, ambayo watu wengi wameifanya mwenza, iliibadilisha tabia, na watumiaji wakaomboleza kama waliofiwa. Agosti 2025 OpenAI iliondoa toleo ambalo watu walikuwa wamelizoea, vilio vikawa vingi hata likarudishwa kwa wanaolipa. Msiba wa namna hiyo hauna matanga. Utamwendea nani umwambie umefiwa?

Na kwa watoto mambo yanakuwa mazito zaidi. Mvulana wa miaka 14 huko Florida alijiua Februari 2024 baada ya miezi ya kuzungumza na mhusika wa chatiboti, na mama yake akaishitaki kampuni iliyoiunda Oktoba mwaka huo. Oktoba 2025 OpenAI ilieleza kwamba katika kila wiki asilimia 0.15 ya watumiaji wake wana mazungumzo yenye dalili za kupanga kujiua. Inaonekana ni sehemu ndogo mpaka uipige kwa watumiaji milioni 800: ni zaidi ya watu milioni moja, kila wiki, wanaiambia mashine jambo ambalo nyumba nzima walimolala haijalisikia.

Zimbabwe walianza na benchi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, akiwa na wenzake wachache kwa mamilioni ya watu, aliwafunza bibi wa mitaa ya Harare kukaa benchi nje ya kituo cha afya na kumsikiliza anayesumbuliwa na kile wanachokiita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nilipousikia mara ya kwanza niliona uchungu kidogo, maana mahali gani duniani pana mabenchi kama kwetu? Mji Mkongwe nyumba haijakamilika bila baraza ya mawe mbele yake. Tunayo mabaraza. Tulichokosa ni mtu aliyekaa hapo ambaye kila mtu anajua kuwa akiambiwa hasemi.

Mtu huyo anaweza kurudi. Skuli inaweza kuwa na mwalimu wa ushauri ambaye kosa lake la kwanza la kutoa siri ya mwanafunzi ndilo la mwisho. Familia inaweza kumpa tena msichana somo, somo wa kweli na si wa picha za harusi. Na misiba yetu, naomba niliseme hili bila kumuudhi mtu, tumeijaza yote katika siku tatu. Mwezi wa kwanza mjane ana watu asiowajua jikoni kwake, mwezi wa tatu hana hata wa kumtilia maji. Tunajua kupanga zamu za kupika wali wa watu 300. Tupange zamu za usiku: wiki hii analala fulani, wiki ijayo fulani. Robo ya gharama ya siku ya tatu inatosha nauli za meli mpaka eda iishe. Nayasema haya nikijua nani alikuwa wa kwanza kufika Mkoani siku ya nne.

Jioni ile, baada ya jirani kuondoka, nilimrudishia mama mdogo simu yake. Nikamwambia, "Mama, kisa cha karafuu hakikuwa hivyo."

"Hakikuwa vipi?"

"Baba mdogo alianua karafuu kwanza. Zote. Akazifunika turubali, akaweka na mawe, ndipo akaja kisimani."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo. Nilishika pembe ya mkeka. Ulirudi umerowa mpaka mtandio, ukamnunia siku mbili."

Alinikodolea macho. Nilidhani nimeharibu. Kisha midomo ikaanza kumcheza, akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikukisikia tangu masika. "Ee! Yule mwanamme na karafuu zake!" Alicheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa kanga, na chini ya kanga kicheko kikageuka kilio. Nilisogea nikamshika mgongo. Sikuwa na neno. Simu iliwaka mara moja kwenye godoro ikazimika.

Tulikuwa bado hivyo, magharibi inaingia, hodi ikapigwa tena. Nikanyanyuka kusema amelala. Mama mdogo akanivuta mkono, akapangusa macho, akainua sauti.

"Karibu, pita ndani! Njoo umsikilize huyu, anamsingizia marehemu."

Jirani akaingia na sahani ya mihogo ya nazi, akavua kandambili mlangoni. "Kasemaje?" akauliza, akakaa kitako kwenye mkeka.